Kinywa katika Kiingereza cha kale
Ndugu, umeuliza kama mwisho -mouth wa majina ya miji ya Uingereza kama Plymouth na Portsmouth una uhusiano wowote na kinywa cha binadamu. Uhusiano upo. Katika Kiingereza cha kale, kilichozungumzwa hadi karibu mwaka 1100, kinywa kiliitwa muþ (herufi hiyo ya mwisho hutamkwa kama th ya thamani), na kando yake palikuwa na muþa, yaani mlango wa mto. Plymouth basi ni pale Mto Plym unapoingia baharini.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi maana zilivyohama humo humo kinywani. Neno la kale goma lilihusu kaakaa, lakini mzao wake wa leo, gum, ni ufizi. Ceace lilikuwa taya, ilhali cheek ya sasa ni shavu. Shavu nalo liliweza kuitwa wange, neno ambalo Wajerumani wanalo hadi leo, na ambalo Waingereza waliendelea kulitumia katika jina la gego, wang-tooth, muda mrefu baada ya kuacha kuliita shavu hivyo. Jino lilikuwa toþ, na wingi wake, teþ, ulipatikana kwa kubadili irabu tu, ndiyo maana teeth haihitaji s.