Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Kuukuu, Programu Huria na Wanaozihitaji

Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipofikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, ofisi nyingi zimekuwa zikiondoa kompyuta ambazo bado zinawaka na kufanya kazi, kwa kuwa Windows 11 inadai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Wasomaji wengi wameniandikia wakitaka kujua namna ya kuzifikisha mashine hizo kwa watu wasio na uwezo wa kununua. Nimechagua barua sita na kuzifupisha.

Sisi ni kikundi cha vijana mjini Morogoro. Ofisi moja imetupa kompyuta mpakato 14, nyingi zikiwa Dell Latitude E6430 na ThinkPad T430, tuzitengeneze kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zenye hali ngumu. Ufundi tunaujua kidogo, ila Linux, programu huria ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, hatujawahi kuitumia. Tuanzie wapi?

Hongereni sana, vijana wangu, na mashine mlizopata ni nzuri. Aina hizo mbili ziliingia sokoni mwaka 2012, zilitengenezwa kwa matumizi ya ofisini, na kwa sababu hiyo zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida na vipuri vyake bado vinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vilivyotumika.

Anzeni kwa kuzichambua, wala msikimbilie kuweka programu. Kila mashine iwe na karatasi yake inayoonyesha ina RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kiasi gani, diski ya aina gani, betri inakaa muda gani, skrini ina madoa au haina, na kama kila kitufe cha kibodi kinaandika. Pimeni RAM kwa programu ya Memtest86+, mkiiacha ifanye kazi usiku kucha, kwa maana RAM mbovu huharibu faili taratibu na mtumiaji asijue kosa liko wapi. Diski nayo ina kumbukumbu za afya yake yenyewe, na ikiwa inaonyesha kwamba sehemu zilizoharibika na kuhamishwa zinazidi kuongezeka, msimpe mwanafunzi diski hiyo hata kama leo inafanya kazi.

Angalieni pia saa. Mashine inayorudi nyuma miaka mingi kila inapokosa umeme imeishiwa betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama, ile inayoitwa CR2032, ambayo katika kompyuta mpakato mara nyingi huja na waya mfupi wenye plagi. Mafundi wengi huipuuza. Lakini vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kompyuta inayodhani kwamba tuko mwaka 2012 huviona vyote kuwa havijaanza kutumika, hivyo mwanafunzi atafungua kivinjari na kuambiwa kwamba kila tovuti anayoitaka si salama. Atanunua bando jingine, kisha atakata tamaa, kumbe kilichohitajika ni betri ya bei ndogo tu.

Baada ya hapo ondoeni vumbi kwenye feni na kwenye mapezi ya kupoozea, mbadilishe pesti iliyokauka juu ya kichakataji, na kama fedha ni kidogo, mnunue SSD, yaani diski ya kisasa isiyo na sahani zinazozunguka, kabla ya kitu kingine chochote. SSD ya GB 120 au 240 huibadilisha mashine ya aina hii kuliko kipuri kingine chochote kwa bei hiyo. RAM ya GB 4 inatosha kuanzia, na GB 8 ni raha zaidi. Msione haya kuzivunja mashine nne ili kupata kumi zilizo kamili. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mara nyingi mno watu maskini wakipewa vitu vibovu na kutarajiwa washukuru.

Kuhusu mfumo endeshi, chukueni Linux Mint ya toleo la Xfce, ambalo ni jepesi na mpangilio wake hauwatishi waliozoea Windows. Faili yake ya kupakua inakaribia GB 3, kwa hiyo pakueni mara moja, mkaiandike kwenye flashi ya GB 8, na flashi hiyo moja itahudumia mashine zote. Bonyezeni F12 wakati mashine inawaka, chagueni flashi, na mfumo utafunguka bila kugusa diski, jambo linalowapa nafasi ya kujaribu sauti, kamera na Wi-Fi kabla ya kuamua. Baadhi ya mashine za Dell zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom inayohitaji programu ya ziada. Unganisheni simu kwa waya wa USB, mshiriki intaneti ya simu hiyo, kisha mfungue kidhibiti cha viendeshi cha Mint (viendeshi ni programu zinazowezesha vifaa kama kadi hiyo kufanya kazi), nacho kitaipendekeza programu inayofaa.

Kwa kuwa nyumba nyingi za wanafunzi hao hazina intaneti, wekeni Kiwix, inayowezesha kusoma Wikipedia nzima bila mtandao, pamoja na Kolibri, jukwaa la masomo ambalo vitufe na maelekezo yake yanapatikana kwa Kiswahili. Na kama mnaweza, waiteni wanafunzi wenyewe waje kushika bisibisi. Shirika la Free Geek la Portland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 2000, lilijulikana kwa utaratibu wa kumwezesha mtu wa kujitolea kutengeneza kompyuta kadhaa kisha kuondoka na moja iwe yake. Aliyeifungua mashine kwa mikono yake haogopi kuifungua tena inapozima.

Mhariri, shikamoo. Ninasimamia ofisi ya wakala wa forodha Mombasa, na tunataka kuvipa vituo viwili vya vijana kompyuta zetu kuukuu. Mkurugenzi anahofia nyaraka za wateja. Kijana wetu wa TEHAMA anasema amekwisha kufomati diski zote. Je, inatosha?

Marahaba, na mkurugenzi wako ana haki ya kuhofia. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mahali faili zilipo, ilhali faili zenyewe hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuzirejesha zinapatikana bure. Kwa diski ngumu ya kawaida, tumieni programu huria ya nwipe, ambayo huandika data nyingine juu ya diski yote mwanzo hadi mwisho. Mzunguko mmoja kamili unatosha kwa diski za kisasa, na diski ya GB 500 huchukua saa chache. SSD ni habari tofauti, kwa sababu huhamisha data ndani kwa ndani na kuwa na sehemu ambazo kompyuta haizioni; hiyo ipewe amri yake yenyewe ya kujifuta, ambayo hutolewa na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) ya baadhi ya mashine au na programu ya mtengenezaji. Diski iliyokufa isitolewe kabisa: itobolewe kwa keekee mpaka sahani za ndani, tena kwa kuvaa miwani ya kinga, maana sahani za diski nyingi za kompyuta mpakato ni za kioo.

Kijana wako aandike namba ya kila diski, tarehe na njia iliyotumika, na orodha hiyo itiwe saini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaiwajibisha ofisi yenu kwa taarifa za wateja, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jambo moja naomba lisitokee: hofu hii isiwafanye mng'oe diski na kuvipa vituo makasha matupu, kwa kuwa diski ndicho kipuri ambacho kituo kisicho na fedha kitashindwa kukinunua.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya kata karibu na Songea. Fundi wa hapa anatuwekea Windows iliyokrakiwa kwa bei ndogo, na kila mtu anaijua. Kwa nini nijisumbue na Linux?

Mwalimu, swali lako ni la haki, kwa kuwa kazi yako ni kufundisha na muda wako ni mchache. Programu iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli yake ili itumike bila kulipiwa, hufunguliwa kwa programu nyingine ambayo hakuna ajuaye imeandikwa na nani, na mara nyingi maelekezo yake huanza kwa kukuambia uzime kinga ya virusi. Siku fundi akihama au mfumo ukigoma, hakuna mahali pa kulalamika. Zaidi ya hayo, shule inayomwadhibu mtoto kwa kuiba mtihani inajiweka mahali pagumu ikiwa maabara yake yote inaendeshwa na kitu kilichochukuliwa bila ruhusa.

Programu huria ni jambo jingine, na si kwa sababu ya bei peke yake. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds alipoanza Linux mwaka 1991, kilichozaliwa ni programu ambazo leseni yake inamruhusu yeyote kuzitumia kwa kazi yoyote, kuzichunguza, kuzinakili na kuzibadilisha. Kwa ruhusa hiyohiyo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliweza mwaka 2004 kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili, bila kusubiri kampuni ya ng'ambo ione kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko lenye faida. Mwanafunzi wako akitaka nakala ya programu za maabara kwa ajili ya kompyuta ya mjomba wake, mpe kwenye flashi bila wasiwasi. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko hoja nyingine zote.

Binti yangu amepewa kompyuta yenye Linux na LibreOffice na kikundi cha kanisa hapa Kisumu. Nashukuru, lakini waajiri wanataka Word na Excel. Je, hatabaki nyuma?

Mama, mtu anayejua kupanga mitindo ya vichwa vya habari, kutengeneza jedwali na kuandika fomyula kwenye LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisini, atavikuta vitu hivyohivyo kwenye Word na Excel, vikiwa vimewekwa mahali pengine kwenye skrini, naye atavizoea kwa siku chache. Anayekariri tu kwamba kitufe fulani kiko kona fulani atapata shida hata toleo jipya la Word likitoka.

Yapo mambo machache ya kumwambia mapema. Ahifadhi kazi zake kwa muundo wa docx anapozituma kwa mtu atakayeendelea kuziandika, na kwa PDF zinapokwenda kuchapishwa au kuombewa kazi. Fonti za Calibri na Cambria hazimo kwenye Linux, lakini zipo Carlito na Caladea, zenye vipimo sawa vya herufi, na akizitumia mistari ya wasifu wake haitahama akiufungua kwenye duka la fotokopi. Faili za Excel zenye makro ngumu, yaani amri zilizoandikwa ndani ya faili ili zijiendeshe, ndizo hasa zinazosumbua, nazo si kazi ya anayeanza.

Tuko Minnesota, Marekani, na jumuiya yetu inakusanya kompyuta za mezani ili tupeleke kontena zima Kigoma. Tunaomba ushauri.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msipeleke kitu ambacho hamjakiwasha na kukipima. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi, unataka taka zote za kielektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zisivuke mpaka bila ridhaa ya nchi inayozipokea, na Marekani iliusaini mkataba huo lakini haijauridhia, jambo linalofanya mizigo kutoka huko iwe na utata zaidi. Kompyuta nzima iliyopimwa, yenye karatasi ya vipimo na iliyofungwa vizuri, ni bidhaa. Lundo la mashine zisizojulikana hali yake linaweza kuhesabiwa kuwa taka, na kwa kweli mara nyingi ndivyo lilivyo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inaeleza kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kigoma haihitaji sehemu ya hizo zilizobaki.

La pili ni dogo ila limeunguza mashine nyingi. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani za zamani, karibu na tundu la waya wa umeme, kuna swichi nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Huko kwenu imewekwa 115, na ikichomekwa hivyo kwenye umeme wa Tanzania, pawasaplai, yaani kifaa cha ndani kinachopokea umeme, huungua papo hapo. Igeuzeni kabla ya kufunga mzigo, na mbandike karatasi juu yake. Kompyuta mpakato hazina shida hiyo, kwa kuwa adapta zake karibu zote hupokea volti 100 hadi 240. Tena hutumia umeme kidogo na zina betri ya kuvumilia umeme ukikatika, na kwa sababu hizo ningependa mpeleke mpakato chache kuliko za mezani nyingi.

La tatu, tafuteni kwanza mtu wa Kigoma atakayezisimamia. Kenya ina mfano wa Computers for Schools Kenya, ulioanza mwaka 2002, ambao haukuishia kugawa mashine bali ulizitengeneza, ukawafundisha walimu na kuzihudumia baadaye. Nimeingia katika maabara za shule ambako kompyuta zimefunikwa vitambaa safi na mlango umefungwa, kwa kuwa aliyepewa ufunguo aliambiwa azitunze na hakuambiwa azitumie. Tengeni sehemu ya michango yenu kwa ajili ya mafunzo ya mwalimu mmoja au wawili, SSD za akiba na posho ya fundi, hata kama kontena litapungua kwa sababu hiyo.

Nimepata kompyuta tatu za biti 32 hapa Tanga, zenye RAM ya GB 1 kila moja. Zina faida yoyote?

Ipo, ila ndogo. Debian 13 ya mwaka 2025, aina mojawapo ya Linux, haina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, yaani zenye vichakataji vya kizazi cha zamani, na Ubuntu, aina nyingine ya Linux, ilikwisha kuziacha kabla ya hapo. Mfumo wa antiX 23 bado una toleo la biti 32 na unakwenda na RAM hiyo, hivyo kwa kujifunza kuchapa, kuandika barua na kusikiliza masomo yaliyorekodiwa zinafaa. Kwa kivinjari na tovuti za leo hazifai, na usimpe mtu akidhani zitamfaa kwa hilo. Ikiwa hakuna anayehitaji mashine ya kuchapia, ng'oa RAM, feni na adapta zikusaidie kwingine, na yaliyosalia uyapeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali.