Jibu: Maharage kuchelewa kuiva Mbeya

Dada, hujarogwa. Umeuliza kwa nini maharage ya gunia lile lile ulilotoka nalo Dar yanamaliza mkaa huku Mbeya. Jirani yako anaisingizia baridi bure. Sababu kubwa ni mwinuko.

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayokandamiza maji ya sufuria ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo yanachemka mapema, kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Na yakishachemka hayapandi joto tena! Ukiongeza mkaa yanakauka haraka tu, maharage yanakutazama. Presha kuka inabana mvuke, ndiyo maana maji yake yanavuka hata hizo 100. Kama huna, loweka usiku kucha. Magadi kidogo yanalainisha pia, ila mimi ladha yake siipendi.

Kule Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 91. Ukitaka kuhakikisha, azima kipimajoto cha maabara kwa mwalimu wa fizikia. Kile cha kupimia homa usithubutu, kitapasuka.