Luxor kwa bajeti ndogo: lala ng'ambo ya magharibi

Umeuliza ukifika Luxor, Misri, ulale upande upi wa mto Nile, mashariki au magharibi. Kama makaburi ya mafarao ndiyo yanayokupeleka, lala magharibi, karibu na gati la kivuko. Kuna nyumba za wageni za kifamilia, nyingi zina paa la kukaa jioni, na kelele si nyingi kama mjini. Mahekalu ya Karnak na Luxor yako mashariki, lakini kivuko cha umma kinakushusha karibu na hilo la Luxor kwa nauli ndogo sana. Usikubali boti binafsi kabla hujaulizia kivuko.

Kabla ya kulipia chumba, uliza mambo mawili: kiyoyozi kinafanya kazi? Kifungua kinywa kimo ndani ya bei? Juni hadi Agosti vyumba hushuka bei, ila joto hupita nyuzi 40, na Bonde la Wafalme, yaliko makaburi hayo, halina kivuli. Mimi ningechagua Novemba au Februari na kulipa zaidi kidogo.

Pesa itaishia kwenye tiketi, si kitandani. Tiketi ya kawaida ya Bonde la Wafalme inakupa makaburi matatu tu. La Tutankhamun na la Seti wa Kwanza yana tiketi zake. Kama ni mwanafunzi, beba kitambulisho cha kimataifa, sehemu nyingi utalipa nusu. Hekalu la Medinet Habu, huko huko magharibi, usiliache: rangi bado zipo ukutani, na watu ni wachache. Na uwe na chenji ya bakshishi, utaombwa tu.