Klachi ya pikapu ya dizeli iliyoongezwa nguvu

Ndugu, kama klachi inateleza ukiwa gia ya juu na trela nyuma, tena tangu uongeze nguvu ya injini, basi tatizo ni torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. Usichague klachi kwa kuangalia nguvu za farasi. Dizeli hutoa torki kubwa injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini, na hapo ndipo klachi ya kiwandani hushindwa. Pima torki uliyonayo sasa, kisha nunua inayobeba zaidi kidogo ya hiyo.

Kwa kuvuta mzigo, mimi ningechukua ya pleti mbili zenye bitana (tabaka la kushikia) ya oganiki, yaani ya nyuzi na gundi ngumu. Hushika taratibu, na kurudi nyuma na trela hakukusumbui. Bitana ya seramiki hustahimili joto kali, lakini hushika ghafla na gari hurukaruka wakati wa kuondoka. Klachi ya pleti moja yenye springi ngumu sana itakuchosha mguu, nakuambia kweli.

Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hushika) ya vipande viwili ibadilishe uweke ya kipande kimoja. Utasikia giaboksi ikikwaruza kidogo injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, ni kawaida. Badilisha na beringi ya klachi. Ukishafunga, endesha kilomita 800 hivi bila mzigo, ukibadilisha gia mara kwa mara.