Babu hataki kutoka tena? Angalieni mlivyompeleka Bagamoyo

Msomaji wa Mbagala ametuandikia baada ya sikukuu. Mwaka jana ukoo wao, watu 22, walikodi Coaster ya Idd Pili kwenda Bagamoyo. Walipanga kuondoka saa moja, wakaondoka saa tano, wakafika saa nane jua likiwa kali. Babu alibaki garini, madirisha wazi, chupa ya maji ya moto mkononi, wengine wakaenda kupiga picha. Mwaka huu mzee kasema, "Nendeni tu, mimi nimeshaiona." Msomaji anauliza wamshawishije.

Msimshawishi. Pangeni siku ambayo haihitaji ushawishi. Safari yenye mzee huharibika kabla gari halijawashwa, kwa kuwa ratiba imepangwa na vijana kwa saa za vijana. Goti lina saa zake, dawa zina saa zake, swala na bahari vilevile. Vijana ndio wanaoweza kusogea.

Anzeni na bahari, maana ndiyo isiyosikia la mtu. Idd el-Fitr huja mwezi ukiwa mchanga, na mwezi mchanga ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kuelekea saa tano asubuhi na hujaa kuelekea saa kumi na moja jioni, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, kwa hiyo saa tano bahari iko mbali, majahazi yamelala ubavu na mbele yenu kuna tope. Familia inayofika saa hiyo na watoto wamevaa nguo za kuogelea itasikia kilio hadi mchana. Idd el-Hajj huangukia siku ya kumi ya mwezi mwandamo, karibu na maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana. Krismasi na Mwaka Mpya havifuati mwezi, hivyo ulizeni wavuvi au angalieni jedwali la maji siku mbili kabla.

Kwa hiyo kwenye Idd Pili, asubuhi ni ya magofu na mji, bahari ni ya alasiri. Hapo watoto wataoga kuanzia saa tisa. Mtu mzima mmoja asimame majini, asikae mchangani na simu. Maji yanayojaa hayaji kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanajikongoja, saa ya tatu na ya nne ndiyo hukimbia, na mtoto aliyesimama kwenye fungu la mchanga hujikuta kazungukwa.

Sasa gari. Kutoka katikati ya Dar hadi Bagamoyo ni kama kilometa 70, lakini anayetoka Mbagala analivuka jiji zima kwanza. Tokeni saa kumi na mbili na nusu, kabla ya foleni ya Mwenge na Tegeta. Mkiambiana saa moja, mtatoka saa tatu, tunawajua. Wanaolala mbali waje kulala kwa babu usiku wa Idd Mosi.

Watu wengi humpa mzee kiti cha mbele kwa heshima. Kwenye Hiace hiyo ni adhabu: injini iko chini ya viti vya mbele, joto linapanda, na hana pa kunyoosha mguu. Kwenye Coaster mpeni kiti cha mstari wa kwanza karibu na mlango, upande ambao goti bovu litanyooka kwenye njia. Ngazi ya kwanza ya Coaster iko juu kwa mtu wa miaka 75. Bebeni kigoda cha plastiki kigumu, cha urefu wa kama sentimita 20, akanyage hapo kwanza. Na asivutwe mkono. Anayemsaidia asimame nyuma yake wakati wa kupanda na mbele yake wakati wa kushuka, mzee ashike chuma mwenyewe.

Na dereva mkubaliane kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp: mafuta ni ya nani, chakula chake ni cha nani, mnakwenda sehemu ngapi, mnarudi saa ngapi. Lipeni nusu asubuhi, nusu mkirudi. Sikukuu dereva akilipwa zote mapema ataanza kupiga honi saa tisa, kuna abiria wengine wanamngoja.

Dawa ni jambo la kuuliza hospitali wiki moja kabla. Wazee wengi wa presha wanakunywa asubuhi kidonge kinachoongeza mkojo, na ndani ya saa mbili choo kinahitajika haraka. Ndiyo maana wengine hugoma safari bila kusema sababu. Mzee hatawaambia wajukuu kwamba anaogopa kujikojolea Bunju. Asiache dawa kwa uamuzi wa familia. Daktari ndiye wa kusema kama muda unaweza kusogezwa. Ninyi pangeni kusimama kila baada ya saa moja kwenye kituo cha mafuta chenye choo, na atakayeomba kusimama awe mjukuu wa kiume mkubwa, kwa sauti, "Jamani mimi nimebanwa." Mwenye kisukari asikae zaidi ya saa tatu bila kutia kitu mdomoni, na kitu cha sukari kiwe mfukoni mwa mtu anayekaa jirani naye, kisiwe kwenye begi lililo chini ya mabegi mengine.

Kaole, kwenye magofu, iwe ya kwanza, saa tatu, jua halijakaa utosini. Iko kama kilometa 5 kusini mwa mji. Kuna msikiti wa karne ya 13, kisima na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yenye minara. Ardhi ina mizizi na mawe yaliyojificha chini ya majani, kwa hiyo viatu vya babu viwe vya kufunga, kandambili zibaki garini. Bebeni kiti chepesi cha plastiki, na mjukuu mmoja kazi yake siku nzima iwe kiti hicho tu: kinatangulia, hakifuati. Mzee akikuta kiti kimeshawekwa kivulini chini ya mbuyu hataomba kukaa, atakaa. Beba vitambulisho vya wakubwa kwa ajili ya kiingilio, na uliza mapema kama wanapokea taslimu.

Hapo Kaole msimwachie mwongoza watalii maneno yote. Kibla kiko wapi, kwa nini kaburi limejengewa mnara, bakuli za kauri za kutoka China zilifikaje mikononi mwa watu wa pwani: mzee aliyepita chuo cha Kurani ana la kusema kuhusu hayo kuliko kijana mwenye fulana ya kazi, na wajukuu watamsikiliza kama hakuna anayemkatiza kwa ajili ya picha. Picha dakika 10 mwishoni, wote, kisha simu mifukoni.

Misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanza 1868, inafaa saa nne na nusu. Miembe mikubwa, kivuli, njia tambarare, makumbusho ya kuingia na kutoka bila kupanda sana. Kuna mnara ambamo mwili wa David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi na Chuma na wenzao kuubeba kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. Watoto hukaa kimya wanapoambiwa kwamba watu waliubeba kwa miguu miezi kadhaa. Ngome Kongwe na Boma la Wajerumani ziangalieni kwa nje mkiwa garini, ngazi zake si za goti hilo. Sehemu mbili kwa asubuhi moja zinatosha. Anayetaka tano aende peke yake siku nyingine.

Adhuhuri babu apelekwe msikiti wa mjini akiwa bado na nguvu. Tangulizeni mtu aangalie pa kutawadhia, kama kuna kizingiti kirefu au sakafu ya kuteleza, na kile kiti kiende naye kama anaswali amekaa.

Chakula. Hapa tutagombana na mashangazi. Pilau iliyopakiwa saa kumi na mbili asubuhi ikaliwa saa saba mchana imekaa saa saba, na hotpoti nyingi zinashindwa baada ya nne au tano. Chakula kikiwa vuguvugu tu ndipo vijidudu vinazaliana. Wali wa nazi ndio mbaya zaidi, unachacha mapema. Pilau imeshaliwa Idd Mosi, Idd Pili bebeni vikavu. Kwa wakubwa 12 na watoto 10: chapati tatu kwa mkubwa na mbili kwa mtoto ni 56, yaani unga kilo 5. Kuku wanne wa kukaanga, kila mmoja vipande 8, ni vipande 32. Kumi vya ziada si uroho, kuna jamaa wa Kerege atapanda njiani na watoto wawili. Kuku apoe wazi kabisa kabla ya kufungwa, akifungwa moto anatoa jasho na ngozi inalegea. Kachumbari katieni hukohuko, chumvi na ndimu dakika ya mwisho. Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila kichwa, jumla lita 33, na dumu la lita 20 kando kwa mikono na udhu. Anayeng'ang'ania pilau aijaze sufuria hadi juu, aifunike, aizungushie magazeti na blanketi zito, na iliwe kabla ya saa tano, si saa saba.

Baada ya chakula kuna saa nzima ya kulala kwenye mkeka. Hii saa ndiyo vijana huifuta kwanza kwenye ratiba, na ndiyo inayoamua kama babu ataifikia jioni akiwa mcheshi au amenuna.

Soko la samaki la pale ufukweni mpelekeni saa kumi, mkeka ukiwa umekunjwa. Hela mpeni yeye, mkononi, mapema, wasione wauzaji. Mwacheni achague: atafunua mashavu aone wekundu, atabonyeza ubavu aone kama nyama inarudi, atamrudisha wa kwanza na wa pili, atapandisha sauti kidogo. Msimharakishe hata dereva akipiga honi. Barafu iwe sawa na uzito wa samaki, kilo kwa kilo, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na ndoo ikae nyuma kabisa ya gari. Ikiwekwa karibu na mlango, maji ya barafu yatamwagika kwenye ngazi ileile atakayoshukia Mbagala gizani.