Flutter: kuandika mara moja, kupima kila mahali

Flutter, zana ya Google ya kuundia programu, ilipofika toleo la 1.0 mwezi Desemba 2018, wengi tulivutwa na ahadi moja: msimbo mmoja, programu ya Android na ya iPhone. Kuandika, kweli unaandika mara moja. Kupima ni habari nyingine, hasa ukiwa unatunza pakeji, yaani msimbo uliofungashwa ili utumike kwenye programu nyingine, ambayo watu wengine wanaitegemea.

Chukua majina ya faili. Faili inaitwa mtumiaji.dart, kwenye import (mstari unaoita faili nyingine) umeandika Mtumiaji.dart. Windows na Mac kwa kawaida hazitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo kwako inakubali. Ikifika kwenye seva ya Linux inayoendesha majaribio, unaambiwa faili haipo. Ndiyo maana sipokei mabadiliko ya mtu yeyote mpaka majaribio yapite kwenye Linux.

Majaribio ya kulinganisha skrini na picha iliyohifadhiwa yanahitaji msimamo zaidi. Maandishi huchorwa tofauti kidogo kwenye Mac na kwenye Linux, basi jaribio linafeli ilhali hakuna kilichoharibika. Wenzako wakizoea kuona alama nyekundu za kufeli bure, siku ya hitilafu ya kweli wataipita tu. Chagua mfumo mmoja wa kutengenezea picha hizo, ule ule wa seva, na ukatae za kwingine.

Matoleo mapya usiyalimbikize. Dart 3, toleo la lugha inayotumiwa na Flutter, ilipotoka Mei 2023, pakeji zisizo na ulinzi wa null (unaozuia makosa ya thamani tupu) ziligoma kabisa, na ulinzi huo ulikuwepo kwenye Flutter tangu 2021. Kabla ya kuongeza pakeji, tazama ilisasishwa lini.

Kisha tafuta simu ya bei nafuu, yenye RAM ndogo. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu ndiyo simu aliyonayo mteja. Anajaza fomu, anatoka kidogo kusoma SMS yenye namba ya uthibitisho, anarudi anakuta fomu tupu: Android imeizima programu ili kupata nafasi. Emuleta (simu ya kuigiza) kwenye kompyuta yenye nguvu ni nadra kukuonyesha hilo. Flutter ina RestorationMixin ya kurejesha alichojaza. Kuipima, ingia kwenye mipangilio ya wasanidi ya Android, washa chaguo la kufuta kila skrini mtumiaji anapoiacha, kisha rudia safari nzima ya fomu, SMS na kurudi.