RNA ndogo na saratani ya kongosho: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili: RNA ya herufi 22 tu, isiyotengeneza protini yoyote, inawezaje kuisukuma saratani ya kongosho, na kwa nini miR-21, mojawapo ya hizo RNA ndogo ziitwazo mikroRNA, unayoipima kwenye plazima, yaani maji ya damu, inapanda na kushuka hata kwa mgonjwa yule yule.

Kazi ya mikroRNA ni kunyamazisha. Ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya Drosha hukata uzi mrefu wa RNA ukabaki wa herufi kama 70. Nje ya kiini, kimeng'enya kingine, Dicer, huufupisha tena, kisha protini ya Argonauti huubeba. Herufi ya 2 hadi ya 8 ndizo hasa zinazotafuta pa kushika kwenye RNA mjumbe, ile inayobeba maagizo ya kutengeneza protini. Zikishika, ujumbe ule haugeuzwi kuwa protini ipasavyo, au huvunjwa kabisa. Kwa hiyo ukiona mikroRNA imepanda, swali la kwanza ni hili: inanyamazisha nini?

Kwenye saratani hii, karibu vivimbe 9 kati ya 10 vina jeni ya KRAS iliyoharibika, inayoiamuru seli igawanyike bila kupumzika. miR-21 ikizidi, huzima protini za PTEN na PDCD4, ambazo zingeizuia seli hiyo. Ndipo dawa ya gemsitabini inaposhindwa kuiua.

Ila ningependa uielewe zaidi jamii ya miR-200, kwa sababu saratani hii huua kwa kusambaa. miR-200 huikandamiza ZEB1, protini inayozima jeni nyingine. ZEB1 nayo huzikandamiza jeni za miR-200. Hawa wawili hawakai pamoja. ZEB1 ikishinda, E-kadherini inayozishikamanisha seli hupotea, nazo huachana na kuelekea ini.

Sasa vipimo vyako. Unalinganisha miR-21 na miR-16, mikroRNA nyingine uliyoifanya kigezo, na hapo ndipo penye kasoro: chembe nyekundu zimejaa miR-16. Chembe hizo zikipasuka kidogo tu, miR-16 hupanda na miR-21 huonekana imeshuka. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, nazo zina miR-21 nyingi. Zikibaki kwenye plazima, jibu hupanda. Ili damu isigande, tumia tyubu za EDTA, kamwe si za heparini, maana heparini huzuia PCR, ile njia ya kunakili na kuipima RNA. Tenganisha plazima ndani ya saa 2, uizungushe kwenye mashine mara ya pili ili chembe sahani zitoke. Kisha pima miR-451a, iliyojaa kwenye chembe nyekundu, na miR-23a, isiyobadilika zikipasuka, kwenye kila sampuli: Cq (idadi ya mizunguko ya PCR kabla ya ishara kuonekana) ya miR-23a ikizidi ya miR-451a kwa zaidi ya 7, chembe nyekundu zimepasuka. Sampuli hiyo iache, hata kama ni ya mgonjwa adimu, nakuomba sana.

Ukihamia kwenye tishu, usisage kipande chote. Uvimbe wa kongosho umejaa fibroblasti, seli za tishu unganishi, nazo hutoa miR-21 yao wenyewe. Paka kipande chembamba rangi ya kuonyesha miR-21, uone kwanza inatoka kwenye seli zipi.

Mama yako